Zawadi ya Rangi Nyeusi

Narumi, mwenye gereji, alitoka uvunguni mwa kigari cha Tomie, kilori chake kidogo cha samaki, akakung'uta magoti, akachukua simu na kumpigia mume wa Tomie. Tomie mwenyewe alikuwa amesimama palepale mbele yake, amevaa viatu vya mpira na aproni ya kuuzia samaki, karibu kiasi cha kusikia simu ikiita upande wa pili.

"Yasuji, kigari cha mkeo kimekwisha," Narumi alisema. "Chumvi imekila. Ukaguzi wa mwaka huu hakipiti, hata mkaguzi awe mjomba wako. Ndiyo, nimelala chini nikaona kwa macho yangu. Sasa mweleze taratibu, wewe ndiye unayemjua."

Kando ya jiko la mafuta ya taa walikuwa wamekaa wanaume watatu, wakulima wa matufaha, ambao majira ya baridi hawana kazi isipokuwa kunywa chai ya Narumi. Mmoja wao, Kasai, akamwambia Tomie, aliyezoea kumwita shemeji, asiisingizie chumvi, yeye ndiye aliyekikalia mno. Wakacheka. Tomie naye akacheka, kwa sababu gereji ile ndiyo pekee hapa Isogawa, na mwanamke asiyecheka pale huambiwa mumewe ameshindwa kumfunza.

Habari za chumvi si siri kwa mtu yeyote huku kwetu. Theluji ikianza tu, malori ya halmashauri hupita yakiimwaga barabarani ili barafu iyeyuke, na tope lile la chumvi huruka, likaganda chini ya magari na kuanza kutafuna chuma. Kila mtu anajua gari la Isogawa halizeeki, hufa likiwa kijana, na Narumi huuza jingine. Lakini Narumi alikuwa na utu wake. Kila gari lililopita mikononi mwake kwa ajili ya ukaguzi alilipulizia uvunguni rangi nyeusi bila kudai chochote, akasema ni zawadi yake ya mwisho wa mwaka kwa wateja. Na kila Desemba Tomie alimrudishia samoni wa chumvi, tena mkubwa kuliko wote aliokuwa nao, kwa maana zawadi huku hairuhusiwi kwenda bila kurudi. Anayepokea akanyamaza, watu humzungumza mpaka theluji iyeyuke.

Nje palikuwa na kigari kipya cheupe, bado kina plastiki kwenye viti. Narumi alikipiga kofi la upendo ubavuni, huku simu ingali sikioni. Alimwambia Yasuji kwamba kwa sababu ni wao, malipo yangegawanywa kidogo kidogo, na Tomie angemaliza akiwa amepita miaka sabini kidogo tu. Tomie mwenyewe hakuulizwa kitu.

* * *

Alipofika nyumbani alimkuta Yasuji amekaa kwenye meza yenye joto, miguu ameificha chini ya blanketi, mgongo ameuegemeza kwenye mto wake maalumu. Alikuwa mchomeleaji wa meli bandarini mpaka siku ngazi ilipoteleza na mgongo ukavunjika. Karibu naye mama yake, Bibi Kiyo, ambaye amekula chumvi nyingi kuliko hata kile kigari, alikuwa akitafuna figili za achari, kwa kelele.

Yasuji alisema ameshamkubalia Narumi. Wangechukua kile cheupe.

"Nani atakilipa?" Tomie aliuliza.

"Tutasaidiana."

"Wewe na nani?"

Yasuji akanywa chai. Alisema kwa upole kwamba kama Tomie hataki, basi huenda wakati umefika wa kuacha kuuza samaki. Umri unakwenda. Barabara za milimani ni barafu tupu. Binti yao Chinatsu, kule Sendai, alikuwa akisema hayo hayo kila akipiga simu.

"Aache, halafu mimi nani ataniletea dagaa?" Bibi Kiyo aliuliza. Akachukua kipande kingine cha figili.

Tomie hakuwa akifikiria dagaa wa mama mkwe. Alikuwa akifikiria vijiji vya juu, ambako basi liliacha kwenda na duka la mwisho likafungwa, na waliobaki ni wanawake wazee wenye magoti mabovu. Aliwapelekea samaki, tofu, betri za redio, hata gundi ya meno ya bandia. Bibi Harue, wa nyumba ya mwisho kabisa, hutundika taulo jekundu kwenye mti wa kuanikia siku anayotaka kigari kisimame. Asipolitundika, Tomie husimama hivyo hivyo na kugonga mlango, maana huenda hakuna wa kulitundika. Kigari hicho ndicho kilichomfanya awe mtu. Bila hicho angekuwa mke wa mgonjwa, anayesubiri pensheni ya mgonjwa, mpaka na yeye augue.

Akavaa tena viatu vya mpira, akaenda bandani.

* * *

Kwa miaka yote aliyokimiliki kigari kile, Tomie alikiosha kama mtoto. Alikipangusa vioo, akakisugua rimu kwa mswaki, na kila mwaka mpya alikifungia pambo la msonobari mbele. Lakini uvunguni hakuwahi kuchungulia hata mara moja. Usimcheke, sisi wote ndivyo tulivyo. Kuinama kuangalia kazi aliyokwisha kuifanya Narumi kungekuwa kama kugeuza sahani mezani kwa mwenyeji wako kuona kama imeoshwa. Mtu mwenye adabu hushukuru, hulipa, huinamisha kichwa na kuondoka.

Sasa aliinua kigari kwa jeki, akaweka magogo ya kukizuia, akatandika gunia na kujisukuma chini akiwa na tochi na bisibisi. Alitazamia kuona maangamizi. Aliona weusi mtupu, laini, unaong'aa, kila mahali. Kwa dakika moja alijiona mpumbavu. Kisha akabonyeza kwa ncha ya bisibisi, na weusi ule ukavimba ukapasuka kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, maji ya kahawia yakamchuruzika mkononi, na kutu ikamwangukia usoni kwa magamba.

Alibaki amelala pale, macho ameyafumba, akitema kutu. Hakuhitaji fundi wa kumweleza. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya kutu, na kutu ilikuwa imefunikwa ikiwa na chumvi yake na unyevu wake ndani. Kila zawadi ilikuwa imefunika ile ya kabla yake. Chumvi ilifungiwa humo ikala kwa raha zake gizani, mahali ambapo hakuna jua wala upepo wa kuikausha, huku yeye akipeleka samoni.

Alirudi ndani uso mwekundu wa kutu na kumwambia mumewe alichokiona. Yasuji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba ndivyo gereji zote zinavyofanya.

"Basi gereji zote zinatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," Tomie alisema. "Nitaikwangua yote. Nitakitengeneza, na nitakipeleka mjini kwenye ukaguzi mwenyewe. Sheria haisemi ni Narumi tu anayeweza."

Hapo Yasuji akaiweka chini chai. Mtu wa Isogawa kupeleka gari lake ukaguzini mwenyewe ni sawa na kwenda kwa Narumi mchana kweupe na kumwita mwizi. Alimkumbusha Tomie kwamba yeye na Narumi walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Siku ile ya ngazi ni Narumi aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, ambulensi ikiwa imekwama thelujini.

"Unataka nimtazame vipi?" aliuliza.

"Mtazame kwa macho," Tomie alisema, akaenda kutafuta brashi ya waya.

* * *

Alikwangua siku hiyo, akakwangua na kesho yake. Mikono ilimvimba, shingo ikakataa kugeuka, na alipopiga chafya kitambaa kilikuwa cha rangi ya chai. Bibi Kiyo alikuja bandani akiburuta kreti la bia, akalikalia karibu na kihita, akaanza kusimamia kazi ambayo hakuijua hata kidogo. Alimwambia Tomie kwamba amebakisha pale, na pale, na kwamba enzi zake wanawake walikuwa na mikono. Alipoambiwa chuma sasa kinahitaji kuoshwa kwa maji ya moto ili chumvi itoke, alifikiri kidogo, akatangaza kwamba leo familia haiogi. Maji ya hodhini yakaogeshe kigari. Tomie alibeba ndoo baada ya ndoo kutoka bafuni, na Yasuji, ambaye kuoga maji ya moto ndiko kulikompunguzia maumivu, alitazama maji yake yakipita mlangoni.

Chuma kilichotoka chini ya weusi ule hakikuwa kibaya kama Tomie alivyoogopa. Sehemu nyingi kutu ilikuwa imekula juu juu tu. Moyo ulianza kumtulia. Kisha akafika kwenye boriti iliyo chini ya mlango wa dereva, akaikwangua, na brashi ikazama. Hapo hapakuwa na chuma. Palikuwa na kitu laini kinachobonyea kwa kidole. Akakishika ukingo, akakivuta, ukatoka utepe mrefu, mweusi upande mmoja na upande wa pili wa rangi ya fedha. Nyuma yake palikuwa na tundu ambalo ngumi yake iliingia ikapotea.

Kutu yenyewe angeweza kuisamehe. Mtu anaweza kupaka rangi juu ya kutu kwa mazoea, kwa sababu baba yake alifanya hivyo. Lakini utepe ulibandikwa na mtu aliyeliona tundu. Narumi aliliona, akalifunika, akalipulizia zawadi, kisha akampungia mkono yeye akiondoka kupanda na kuteremka milima na mapipa ya samaki nyuma ya kigari.

Alikipeleka kile kipande ndani na kukiweka mezani, kando ya kikombe cha mumewe. Yasuji alikigeuza, akakipangusa kwa kidole gumba.

"Huu ni utepe wa kuzibia bomba la jiko," alisema.

"Ulikuwa chini ya kiti changu."

Bibi Kiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni na kreti lake, alidakia.

"Mwanangu, rafiki yako amemkalisha mkeo juu ya karatasi."

* * *

Asubuhi Tomie alikuta mlango wa banda uko wazi na Yasuji ameketi ndani, barakoa ya kuchomelea magotini, akiifuta vumbi la miaka. Aliuliza kama lile bamba la chuma la mlango wa tanuri la zamani bado lipo, akalikata kwa kipimo cha tundu, akalipiga msasa mpaka likang'aa. Tatizo lilikuwa kumfikisha uvunguni. Walitandika godoro kuukuu, wakamlaza juu yake, na Tomie akalisukuma lote chini ya kigari akiwa ameshika ncha.

Alichomelea kidogo, akapumzika, akachomelea tena. Kila alipoumia aliita, na Tomie alimvuta kwa miguu kama mtu anayeng'oa figili. Bibi Kiyo alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mara ya mwisho mwanawe kutoka mahali kwa namna ile ni siku yeye alipomzaa, na siku ile pia alichelewa. Yasuji alicheka chini ya chuma. Tomie hakumbuki ni lini mara ya mwisho walicheka watatu pamoja, na aliona afadhali hata kama kigari kisingepita.

Ile kutu iliyobaki kwenye kona waliipaka dawa ya kuituliza, wakaacha feni na kihita vikaushe uvungu mzima. Tomie akaenda mjini kununua kinga ya kupaka juu ya chuma. Dukani kulikuwa na za aina mbili, nyeusi, na nyingine ya nta isiyo na rangi. Muuzaji alimshauri achukue nyeusi, inaficha kasoro.

"Ndiyo maana nataka hiyo nyingine," Tomie alisema.

* * *

Kwenye kituo cha ukaguzi walikuwa vijana wa gereji tu, wanaojua njia wakiwa wamefumba macho. Tomie hakujua aingie mstari gani. Nyuma yake mtu alipiga honi, mwingine akamwuliza kama anatafuta soko la samaki, kwani harufu ilikuwa imemtangulia. Safari hii hakucheka. Aliteremka, akaenda kwa aliyepiga honi, akamwambia ni mara yake ya kwanza, hivyo amwoneshe, halafu wote watafika mapema. Kijana akaona haya, akamwonesha.

Taa za mbele zilikataliwa, moja ilikuwa ikiangalia mbinguni. Akatoka, akairekebisha kwa bisibisi ya mfukoni mwa aproni, akazunguka na kuingia tena. Kisha ikaja sehemu ya shimo. Gari husimama juu, na mkaguzi hutembea chini yake na nyundo ndogo, akigonga. Tomie alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili na kusikia kila pigo likipanda kwenye miguu yake. Alisikia nyundo ikikaribia mlango wake. Ikagonga mara moja, ikasimama, ikagonga tena, kwa nguvu zaidi. Sauti ilikuwa kali na kavu, ya chuma.

Mkaguzi alipopanda juu alimwuliza ni gereji gani imefanya kazi ile. Tomie alisema ni mume wake na yeye, na mama mkwe aliyesimamia. Mkaguzi, mtu wa makamo mwenye uso wa kuchoka, alitikisa kichwa taratibu.

"Leo angalau nimeona chuma," alisema, akagonga muhuri.

Stika mpya ilibandikwa kwenye kioo. Tomie aliendesha mpaka kona ya kwanza, akasimamisha kigari pembeni, akalia kidogo, akajipangusa kwa aproni, akaenda zake.

* * *

Ilibaki zawadi. Desemba ilikuwa inakwisha na Narumi alikuwa bado hajarudishiwa zawadi zake kwa namna iliyostahili. Bibi Kiyo alitoa kasha zuri la peremende lililokuja msibani, na yeye mwenyewe akalifunga kwa kitambaa cha zambarau, fundo katikati, ncha mbili sawasawa. Tomie alitaka kwenda peke yake. Yasuji alichukua mkongojo, akapanda upande wa abiria bila kuulizwa.

Gerejini mlikuwa na jiko lile lile na wanaume wale wale. Wote waliiona stika kwenye kioo kabla hawajamwona mwenye gari. Narumi alisimama, tabasamu lake likiwa halijui likae wapi. Tomie aliinama kwa heshima zote, akalitoa kasha kwa mikono miwili, akasema maneno tunayoyasema sote wakati ule wa mwaka, kwamba umetufadhili sana, pokea hiki kidogo.

Narumi alilipima uzito, akajaribu mzaha. "Samoni wa mwaka huu ni mzito, shemeji."

Akafungua. Ndani mlijaa magamba meusi na ya kahawia, yamesawazishwa vizuri mpaka kwenye kingo, na juu yake utepe wa fedha umekunjwa nadhifu kama leso. Narumi alilitazama kasha, kisha akamtazama Yasuji juu ya bega la Tomie, kama alivyozoea.

"Yasuji, mkeo ana nini?"

"Muulize mwenyewe," Yasuji alisema. Macho hakuyaondoa kwa Narumi. "Amesimama mbele yako."

Ikabidi Narumi amtazame Tomie. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na huenda kwa mara ya kwanza alisema kweli. Alisema alitaka kigari kipite tu ukaguzi. Bila utepe ule wangekosa gari tangu miaka miwili nyuma, na wangelia.

"Ungeniambia," Tomie alisema. "Ningelia, halafu ningelitengeneza. Sasa nimekurudishia zawadi zako zote, sijabakisha hata moja. Kuanzia leo hatudaiani."

Akainama tena, chini kama mwanzo, akageuka. Yasuji alibaki nyuma kidogo. Alionekana anataka kumwambia Narumi kitu, labda kuhusu siku ile ya theluji na mgongo, lakini mwisho alimgusa bega tu, akamfuata mkewe.

Nje Kasai, yule yule wa mzaha, alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama kando ya gari lake mwenyewe, ambalo mjukuu wake huenda nalo shule, akilitazama. Kisha akavua kofia, akalala chali kwenye theluji mbele ya gereji, watu wote wakiona, akajisukuma chini mpaka zikabaki buti tu.

"Shemeji," sauti yake ilitoka uvunguni, "una bisibisi?"

Tomie akaitoa mfukoni mwa aproni, akainama na kuiweka katika mkono ulionyooshwa. Kisha akawasha kigari, kwa sababu huko juu taulo la Bibi Harue lilikuwa limeshatundikwa.